Saksafoni kuukuu au mpya? Ingiza taa kwanza
Kama unasitasita kati ya saksafoni kuukuu ya Marekani, tuseme Conn au Buescher, na mpya ya bei hiyohiyo hapa Kampala, fanya hivi kabla ya kutaja shilingi: zima taa za chumba, shusha ndani ya bomba uzi wa taa ndogo za LED (zile za mapambo ya Krismasi zinatosha), kisha funga vifuniko kimoja kimoja kwa kidole chepesi. Panapopenya mwanga ndipo hewa inapotorokea, na noti za chini zitagoma. Muuzaji asikubonyezee yeye. Akikaza, padi mbovu (kile kipande laini cha kuzibia chini ya kifuniko) huonekana nzima. Saksafoni ya alto ina padi zaidi ya 20, kwa hiyo zikivuja nyingi, ongeza malipo ya fundi kwenye bei ndipo ulinganishe. Mpya za bei ya kutupa nazo zipime, wala usione haya. Ila taa haionyeshi padi iliyokauka lakini bado inaziba, wala haisemi lolote kuhusu sauti. Angalia karibu na namba iliyochongwa: ukikuta HP (High Pitch, yaani sauti ya juu), iache hata ya bure. Hiyo inalia juu ya A=440 (kipimo cha kawaida cha kulinganishia sauti za ala) ya kinanda cha kanisani, na hakuna fundi wa kuishusha.