Somo: Admini ya Django, naandika mara moja tu

Wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi ya kuandaa admini, yaani kurasa za kusimamia data zinazokuja tayari na Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti), mojawapo nikiwa mwaloni Kibirizi na migebuka mkononi. Atakayeuliza tena nampa linki. Mfano ni mfumo wangu wa mizigo ya dagaa.

1. Endesha `migrate` (inaunda majedwali ya data), kisha `createsuperuser` (inaunda akaunti yenye ruhusa zote).

2. Sajili modeli zako (aina za data, kama Mvuvi na Mzigo) kwenye `admin.py`, uongeze `list_display` (safu za kuonyesha kwenye orodha).

3. Weka `verbose_name_plural` (jina la wingi la modeli), la sivyo Django inabandika "s" ya Kiingereza na menyu inasoma "Mvuvis". Karani wangu alicheka wiki nzima.

4. Kufuta. Hapa ndipo nilipolia. Mvuvi mmoja alikuwa kaandikwa mara mbili, nikachagua jina moja nikabonyeza kufuta. Django ikanionyesha orodha ndefu ya vitakavyoondoka naye. Sikuisoma, nikathibitisha. Kwenye modeli ya Mzigo nilikuwa nimeandika `on_delete=models.CASCADE`, basi mizigo yake ya miezi miwili ikaondoka pia. Nilikesha na daftari la karani nikiingiza upya, kilo kwa kilo. Andika `PROTECT`, Django itagoma kumfuta mvuvi mwenye mizigo. Na karani USIMPE usuperuser! Mtie tiki ya `is_staff` (ndiyo inayomruhusu kuingia admini), muweke kwenye kundi lenye ruhusa ya kuona na kuongeza, basi.

MAONI

Kasuku: Mkuu haikubali, nisaidie haraka

Mwandishi: Haikubali nini? Bandika kosa.

Kasuku: Karani akiingia anaambiwa nywila si sahihi, na ni sahihi

Mwandishi: Hatua ya 4, `is_staff`. Bila tiki hiyo hata nywila sahihi inakataliwa. Ungesoma.

Binti Ujiji: Pole na daftari, kaka. Nina wavuvi 3,000, fomu ya mzigo inachelewa mno kufunguka mtandao ukisuasua. Shida ni kile kisanduku cha majina?

Mwandishi: Ndicho, dada, umelenga. Kinabeba majina yote 3,000 kila ukifungua fomu. Kwenye admini ya Mzigo weka `autocomplete_fields = ["mvuvi"]`, na kwenye ya Mvuvi weka `search_fields` (sehemu za kutafutia), bila hiyo itagoma. Yatakuja majina 20 kwa mkupuo, kadiri unavyoandika.

Mzee wa Gungu: Nimezima DEBUG (hali ya majaribio), ukurasa umebaki uchi, hauna rangi.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Sakinisha WhiteNoise (inapeleka faili za mwonekano kwa kivinjari), kisha endesha `collectstatic` (inazikusanya mahali pamoja).

Mzee wa Gungu: Marahaba, umevaa. Mimi kila jioni naendesha `dumpdata` (inatoa nakala ya data yote), faili naweka kwenye flashi.

Mwandishi: Mzee, ungeniambia kabla ya lile daftari.