Kabla hujaandika stori ya mtu aliyekwama angani, hesabu hewa kwanza

Wagosi wenzangu mnaopenda kuandika, usianze na roketi. Anza na hesabu. Wavuvi wetu hapa Tanga hawatoki usiku bila kujua madumu mangapi ya maji, mafuta ya mashine yanafika wapi na upo wa kufua maji umekaa wapi, basi na mhusika wako mhesabie hivyo hivyo kabla hajafungiwa mlango.

Mtu mzima anatumia kama kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na anatoa karibu kilo 1 ya kaboni dayoksaidi. Hii ya pili ndo wengi wanaisahau na ndo kwenye stori yenyewe. Apollo 13, chombo cha Wamarekani, Aprili 1970, mtungi wa oksijeni ukalipuka wakiwa njiani kwenda mwezini, watu watatu wakahamia kwenye chombo kidogo cha kutua kilichotengenezwa kwa ajili ya wawili kwa siku mbili hivi, wakakitegemea karibu siku nne. Oksijeni ilitosha! Kilichotaka kuwaua ni pumzi zao wenyewe, vichujio vya ziada vya kunasa kaboni dayoksaidi vilikuwa vya mraba na matundu ya chombo kile kidogo ni ya duara, ikabidi waunge kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mipira ya hewa ya suti na tepu. Tafuta tatizo la namna hiyo, dogo, la kushikika, sio kimondo kila sura.

Halafu feni. Bila uzito hewa ya moto haipandi, kwa hiyo feni zikizima mhusika amelala, hewa chafu inamkalia usoni anaamka kichwa kinagonga.

Akitoka nje bila suti halipuki wala hagandi papo hapo, ana sekunde 10 mpaka 15 za fahamu. Mwaka 1966 kule Houston fundi mmoja mpira wa suti ulimchomoka ndani ya chumba kisicho na hewa, akazimia kama sekunde ya 14, cha mwisho anachokumbuka ni mate kuchemka ulimini, na alipona. Ila asibane pumzi, mapafu yatachanika, mzamiaji yeyote wa mitungi anaijua hii.

Redio nayo: mwezini sauti inachukua sekunde 1.3 kufika, Mirihi ni dakika 3 mpaka 22, kutegemea sayari zimekaaje. Huo ukimya uandike, usiuruke.

Ukimaliza mpe mtu wa bahari asome. Mimi nilimpa mjomba wangu, nahodha wa zamani, akaniuliza swali moja tu, "Na maji ya kunywa je?" Sikuwa nimeandika hata tone. Nikarudia sura nzima, maana kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mpaka mkojo na jasho vinasafishwa vinanywewa tena, karibu asilimia 98 ya maji yanarudi.