Somo: Kusahihisha viti na masafa ya ndege kwenye gemu za mashirika ya ndege

Ukiona Boeing 787-8 kwenye gemu inabeba abiria 381 na kuruka kilomita 13,621 bila kutua, ujue kuna mtu kachukua namba mbili za kweli akaziozesha kwa nguvu. 381 ni kikomo cha kisheria cha viti. 13,621 ni masafa yaliyotangazwa na Boeing kwa ndege yenye viti 242. Viti na masafa ni pete na kidole. Ukibadilisha kimoja, kingine lazima ukipime upya.

Somo hili linafaa gemu zinazokuruhusu kufungua jedwali la ndege, liwe faili la aina ya CSV au XML. Kama gemu yako imefungwa, fanya hatua ya 1 hadi ya 4 tu, kisha wapelekee watengenezaji wa gemu hesabu zako.

Hatua ya 1: Nakili faili, kisha kagua vipimo

Weka nakala ya faili asili pembeni kabla hujagusa kitu. Halafu jiulize: safu ya masafa imeandikwa kwa kilomita, maili za baharini au maili za kawaida? Maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya kawaida ni 1.609. 787-8 ina maili 7,355 za baharini. Aliyezidisha kwa 1.609 atapata kilomita 11,834 badala ya 13,621, na namba hiyo haitamshtua mtu kwa sababu inafanana na ukweli. Itamshtua siku atakapofungua Nairobi–New York, ambayo ni takriban kilomita 11,840. Gemu itamwambia ndege haifiki, wakati Kenya Airways ilianza kuiruka njia hiyo kwa 787-8 tangu Oktoba 2018.

Kipimo cha haraka: chagua ndege tatu unazozijua vizuri, gawanya masafa ya gemu kwa maili za baharini za mtengenezaji. Ukipata 1.85, uko salama. Ukipata 1.61 kwa zote tatu, safu nzima imekosewa, irekebishe kwa mpigo. Ukipata 1.85 kwa baadhi na 1.61 kwa nyingine, pole, jedwali limejazwa na watu wawili na itabidi upitie mstari kwa mstari.

Hatua ya 2: Tafuta namba tatu za viti

Ya kwanza ni kikomo. Hiki kimo kwenye hati ya cheti cha aina ya ndege, inayotolewa bure na mamlaka za usafiri wa anga, FAA ya Marekani na EASA ya Ulaya. Kinatokana na milango ya kutokea wakati wa dharura, hakitokani na ukubwa wa sakafu. Jozi ya milango mikubwa kabisa huhesabiwa watu 110, ndiyo maana Boeing 777-300ER yenye jozi tano ina kikomo cha 550.

Ya pili ni idadi ya kawaida ya mtengenezaji, ile inayoambatana na masafa.

Ya tatu ni mpangilio halisi wa shirika. Kwa 787-8 hiyohiyo, Kenya Airways ina viti 234 (30 vya biashara, 204 vya kawaida), Air Tanzania 262 (22 na 240), Jetstar 335. Hata Jetstar yenye nauli nafuu haikukaribia 381.

Hatua ya 3: Chukua masafa pamoja na viti vyake, kutoka chanzo kimoja

Hapa ndipo wengi huteleza. 777-300ER zamani ilitangazwa kwa viti 365 na maili 7,930 za baharini. Leo Boeing inaandika viti 396 na maili 7,370. Ndege ni ileile. Kilichobadilika ni kanuni za kukokotoa na uzito wa viti na vifaa vya ndani. 747-8 nayo ilishuka kutoka 8,000 kwa viti 467 hadi 7,730 kwa viti 410, yaani viti vimepungua na masafa yamepungua. Ukichanganya ndege moja ya kanuni za zamani na nyingine ya kanuni mpya, ya zamani itashinda kwenye gemu bila haki.

Angalia pia uzito wa kupaa. Airbus A330-300 za mwanzo zilikuwa za tani 212, za baadaye tani 242. Jina moja, ndege mbili; zipe mistari miwili.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya uzito

Tumia 787-8. Uzito wa juu wa kupaa ni kilo 227,930. Ikiwa tupu lakini tayari kwa kazi ni takriban 119,950. Kinachobaki ni kilo 107,980 za mafuta, watu na mizigo kwa pamoja.

Weka kilo 100 kwa kila abiria na mabegi yake. Abiria 242 ni kilo 24,200, mafuta yanabaki 83,780. Abiria 381 ni kilo 38,100, mafuta yanabaki 69,880. Umepoteza kilo 13,900 za mafuta. Ndege hii hula takriban kilo 5.5 kwa kilomita, kwa hiyo umepoteza kama kilomita 2,500 na masafa yanashuka hadi karibu 11,100. New York imeshatoka mkononi.

Usidanganyike na ujazo wa matangi. Lita 126,206 ni karibu tani 101. Ukiyajaza yote, unabaki na tani 7 tu, yaani abiria kama 70.

Hatua ya 5: Kiti cha biashara kinakula nafasi ya viti vingapi?

Gemu nyingi huhesabu 2. Kwa kiti kinacholala kabisa, hiyo ni ndogo mno. Mstari wa 2-2-2 una viti 6 pale ambapo vya kawaida vingekuwa 9, na nafasi kutoka mstari mmoja hadi unaofuata ni inchi 75 dhidi ya 32. Zidisha 1.5 kwa 2.34, unapata 3.5. Kwa kipimo hicho viti 30 na 204 vya Kenya Airways ni sawa na 309 vya kawaida.

Hatua ya 6: Hifadhi na ujaribu

Kwenye CSV usiandike mkato ndani ya namba. "13,621" itavunjika safu mbili na ndege yako itaruka kilomita 13. Andika 13621. Kisha anza mchezo mpya, maana gemu nyingi husoma jedwali mara moja tu mwanzoni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Gemu yangu ina 737-800 ya viti 189 na kilomita 5,436. Ni sawa?

Jibu: Hapana. 5,436 ni ya viti 162. Abiria 27 wa ziada ni kilo 2,700, na ndege hii hula kama kilo 3 kwa kilomita. Toa 900, weka 4,500. Dar–Dubai (kama 3,980) bado inafika. Dar–Mumbai (kama 4,680) haifiki ikiwa imejaa.

Swali: Nairobi iko juu sana, hewa nyepesi. Nipunguze masafa ya ndege zote?

Jibu: Usiguse ndege, maana utaiadhibu hata ikipaa Mombasa. Kasoro ni ya uwanja: JKIA, uwanja wa Nairobi, iko mita 1,624 juu ya bahari, Addis Ababa 2,334. Kama gemu ina safu ya uwanja, punguza hapo uzito wa kupaa. Kama haina, punguza viti unavyouza kwenye njia ndefu zinazoanzia huko.

Swali: Na upepo je?

Jibu: Ongeza asilimia 5 hadi 10 kwenye umbali wa safari ndefu za kuelekea magharibi, si kwenye masafa ya ndege.

Swali: Nina Q400 (ndege ndogo ya mapangaboi) mbili kwenye jedwali, viti 76 ya Air Tanzania na 78 ya Jambojet. Nifute moja?

Jibu: Futa. Ni ndege moja yenye mipangilio miwili ya viti. Ila kabla ya kufuta angalia namba ya utambulisho ya mstari huo, maana ndege zilizokwishanunuliwa zinaitafuta kwa namba hiyo, na isipoonekana mchezo uliohifadhiwa hautafunguka.