VS ipi? Jinsi ya kujua programu iliyofichwa na kifupisho

Ukisoma maelekezo yanayosema "fungua mradi kwenye VS", usipakue kitu kabla hujajua ni VS ipi. Kuna programu mbili za kuandikia msimbo zenye kifupisho hicho: Visual Studio ipo tangu 1997, Visual Studio Code (VS Code) ilitoka 2015. Zote ni za Microsoft, na udugu unaishia hapo. Ya kwanza ni karakana nzima ya Windows, inaweza kumeza gigabaiti nyingi za diski. Ya pili ni kihariri chepesi kinachokwenda pia kwenye macOS na Linux.

Tafuta alama ndani ya maelekezo yenyewe. Amri devenv ni ya Visual Studio. Folda ya .vscode au amri code ni ya VS Code. Faili la .sln, linaloorodhesha miradi, huelekeza Visual Studio mara nyingi, ila si ushahidi wa kutosha. Mtego mbaya zaidi ni viendelezi, yaani nyongeza za programu: programu zote mbili hutumia faili za .vsix, lakini kiendelezi cha moja hakikubali kwenye nyingine. Kikigoma, usikimbilie kulaumu faili kwamba ni bovu.

Kujua uliyonayo, andika code --version kwenye dirisha la amri. Kama ni VS Code, utapata mistari mitatu, wa kwanza ukianza na 1. Visual Studio 2022 hujitambulisha kwa 17.

PS ina vurugu zaidi. Photoshop (ya picha) na PowerShell (ya kuandikia amri za kompyuta) utazitofautisha kwa muktadha, lakini PowerShell zenyewe ni mbili: 5.1 inayokuja na Windows, powershell.exe, na 7, pwsh.exe. Kusakinisha 7 hakuiondoi 5.1. Ndiyo maana mtu husakinisha mpya, akabofya aikoni ya zamani, kisha akashangaa && (ya kuunganisha amri mbili) inaleta kosa; 5.1 haiijui alama hiyo. Andika $PSVersionTable.PSVersion, usome namba chini ya Major.

Kwa Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, tazama herufi kwenye aikoni: Lr au LrC. Mwenye faili la .lrcat kwa kawaida yuko kwenye LrC, yaani Lightroom Classic, jina lililoanza 2017.

Ukikutana na AAD (Azure Active Directory, huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za watumiaji) kwenye mwongozo wa zamani, tafuta Microsoft Entra ID. Azure AD ilibadilishwa jina 2023.

Na ukiomba msaada, taja jina zima, toleo na mfumo endeshi: "Visual Studio Code 1.85, Windows 11". "VSC haifunguki" itakurudishia maswali matatu kabla ya jibu.