Somo: Kurekebisha shabaha ya bunduki ya .375 H&H Magnum kabla ya kuingia porini

Risasi ya .375 H&H Magnum ilitolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London, na hadi leo ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko nyingine yoyote mikononi mwa wageni wanaokuja kuwinda nyati katika mapori ya kusini mwa Tanzania. Kichwa chake cha kawaida, yaani kipande kinachoruka, kina uzito wa greni 300, yaani takribani gramu 19.4, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde kikiwa na nguvu ya karibu jouli 5,800. Nguvu hiyo yote haimsaidii mwindaji ikitua mahali pasipotakiwa. Msimu mmoja tulimfuata nyati aliyejeruhiwa kwa siku moja na nusu, kwa sababu mgeni wetu alikuwa amerekebisha shabaha kwao, akasafiri kwa ndege mbili na gari moja la barabara ya vumbi, kisha akaona haya kuomba nusu saa ya kupiga karatasi. Tulipoikagua bunduki yake jioni ya siku ya kwanza, skrubu moja iliyoshika darubini ilikuwa imelegea kiasi kwamba niliizungusha kwa ukucha.

Hatua ya kwanza: hakikisha bunduki haina risasi, kisha ikague. Ondoa bolti, yaani kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu, elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutokea nyuma. Nyigu wa udongo hawahitaji siku nyingi kuziba mdomo wa mtutu kwa kiota chao, na mtutu ulioziba unaweza kupasuka. Futa mafuta yote ndani ya mtutu na ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kwa kitambaa kikavu, kisha kaza skrubu za darubini na za kitako.

Hatua ya pili: linganisha maandishi. Yaliyochorwa kwenye mtutu na yaliyopigwa kwenye kitako cha ganda ni lazima yafanane neno kwa neno. Zipo risasi nyingine zenye kipenyo hicho hicho cha milimita 9.5, kama .375 Ruger, nazo si mbadala wa hii hata kama namba ya mwanzo ni moja.

Hatua ya tatu: anza karibu. Weka karatasi umbali wa mita 25, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, na ukiwa bado umeondoa bolti, tazama karatasi kupitia mtutu. Bila kuitikisa bunduki, zungusha vitasa vya darubini mpaka msalaba wake uangukie pale unapopaona kwa mtutu. Ndipo urudishe bolti na upige risasi moja, na kama imepotoka, rekebisha. Hapa watu wengi hupoteza risasi za bei kubwa kwa kukimbilia mita 100 moja kwa moja, wakapiga mara sita bila kuona hata tundu moja kwenye karatasi.

Hatua ya nne ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo naomba uisome polepole. Sogea hadi mita 100. Mfuko wa mchanga ukae chini ya mbao ya mbele, kamwe usikae chini ya mtutu, kwa kuwa mtutu unaogusa kitu kigumu huruka juu na risasi huenda nao. Weka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega, kwa maana teke la bunduki hii ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, risasi ya kuwindia iliyozoeleka, na bega lililoumia humfundisha mtu kufumba macho kabla ya mlio. Jicho likae nyuma ya darubini kwa sentimita nane au tisa. Anayelisogeza karibu zaidi hurudi kambini na alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha kaza kidole polepole. Piga risasi tatu bila kubadili kitu chochote, hata kama ya kwanza imekuudhi, kwa sababu tundu moja haliwezi kukueleza kama kosa ni la darubini au la mkono. Pima kutoka katikati ya matundu hayo matatu. Katika darubini nyingi, kila tiki moja ya kitasa huhamisha risasi kwa takribani milimita saba katika mita 100, kwa hiyo kupandisha sentimita saba ni tiki kumi. Acha mtutu upoe kivulini, kisha rudia.

Mimi hupenda matundu yatue sentimita tano juu ya kitovu cha karatasi kwa mita 100. Kwa mpangilio huo kichwa cha greni 300 huwa kimeshuka karibu sentimita tano chini ya kitovu kifikapo mita 200, na mwindaji hana haja ya kupiga hesabu yoyote mnyama anapokuwa ndani ya umbali huo. Baada ya hapo huporomoka haraka.

Hatua ya tano: achana na meza. Porini hakuna meza, hivyo simama nyuma ya vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki, umbali wa mita 70, upige sahani ya karatasi, ukichomoa ganda na kuingiza risasi ya pili kitako kikiwa bado begani. Mtu asiyeweza kuipata sahani hiyo mara tano mfululizo asimkaribie nyati.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, risasi hii inafaa kwa kulenga shabaha za mbali sana, mita 500 na kuendelea?

Jibu: Marahaba. Inafika, lakini si kazi yake, kwa maana kichwa chake kinene hupoteza mwendo mapema. Sifa ya masafa marefu ilichukuliwa na watoto wake. Mwaka 1925 Holland & Holland walitoa .300 H&H kutokana na ganda hilo hilo, na mwaka 1935 Ben Comfort alishinda Kombe la Wimbledon la kulenga shabaha huko Camp Perry, Marekani, kwa risasi hiyo katika umbali wa yadi 1,000. Kisha mwaka 1963 ikaja .300 Winchester Magnum, yenye ganda fupi zaidi na mkanda ule ule, yaani pete nene ya chuma juu ya kitako cha ganda. Kama lengo lako ni shabaha za mbali, anzia hapo.

Swali: Huo mkanda ulio juu ya kitako cha ganda una kazi gani?

Jibu: Ganda la .375 limechongoka na bega lake ni la mteremko mdogo, hivyo bega peke yake lisingeweza kulizuia mahali pake ndani ya chemba kwa uhakika. Mkanda ndio unaolizuia. Kule kuchongoka nako kuna faida yake, kwani ganda huingia kwa ulaini na hutoka bila kung'ang'ania, hata katika joto la Oktoba wakati chuma cha bunduki hakishikiki.

Swali: Kwa nyati, nitangulize risasi laini au ngumu?

Jibu: Akiwa katika kundi, tanguliza laini, ambayo kichwa chake hutanuka kikigonga, kwa sababu ngumu, isiyotanuka, huweza kumpita na kumjeruhi aliye nyuma yake, nawe ukawa na nyati wawili wa kufuata. Lenga juu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Zinazofuata ziwe ngumu, maana nyati akigeuka kukimbia atakuonyesha makalio, na ni ngumu tu itakayopenya kutoka huko hadi kifuani.

Swali: Nimerekebisha shabaha kwa kichwa cha greni 300. Nikinunua greni 270 kwa ajili ya pofu na kongoni, nianze upya?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Greni 270 hutoka kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde na haitatua mahali pale pale. Piga tatu kwa mita 100, uandike tofauti kwa kalamu kwenye plasta, uibandike ubavuni mwa kitako cha bunduki.