Maji Meupe Yanaweza Kuua Samaki: Ushauri kwa Wenye Matangi ya Nyumbani Mombasa

Ukiamka ukakuta samaki wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wanatweta, usikimbilie dawa. Toa thuluthi ya maji, tia mengine safi yaliyolala, kisha ndipo utafute kisa. Mara nyingi ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza chini ya tangi huiongeza. Haina rangi, kwa hivyo maji yanaweza kuwa meupe pe na bado yakaua.

Kwetu Mombasa sumu hii ina makali zaidi. Visima vingi vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa na pH yake (kipimo cha uasidi wa maji; 7 ni katikati) iko juu. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia inayoua huongezeka karibu mara 10. Joto nalo huichochea, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Msimu wa kaskazi usiongeze samaki hata mmoja. Maji ya mfereji ni mepesi zaidi kwa samaki, ila yana klorini: yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24. Ya mkokoteni, muulize muuzaji ameyateka wapi, na uyaonje. Yakiwa ya chumvi, samaki wa dhahabu hawayawezi.

Anayekusafishia tangi hasa si wewe, ni bakteria wanaoishi ndani ya sponji ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hao hawajatosha, kwa hivyo anza na samaki wawili watatu wadogo. Kosa ninaloliona kila mara ni la mtu mwenye bidii: anaisugua sponji chini ya mfereji mpaka ing'are, klorini inaua bakteria wengi, na baada ya siku chache samaki wanaelea. Ikamue tu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ikibaki na rangi ya kahawia, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Stima ikipotea kwa saa nyingi, chujio husimama, bakteria hukosa hewa na kuanza kufa. Isuuze sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena.

Chakula kiwe cha kumalizwa kwa dakika mbili. (Mkebe uwekwe juu ya kabati. Mtoto akiachiwa, hulisha nusu yake.)

Njia rahisi ya kuondoa nitrati ni kubadilisha maji: robo ya tangi kila wiki, huku ukifyonza uchafu wa chini kwa mpira. Maji hayo, kama hukutia chumvi wala dawa, mwagia mchicha au mrehani.