Jinsi ya kuomba uhamisho wa hati unaponunua nyumba Masaki au Oysterbay

Nyumba ya Masaki au Oysterbay hujiuza yenyewe. Dalali anakupitisha Toure Drive, bahari upande mmoja, miti mikubwa upande wa pili, bogonvilia imefunika ukuta, na kabla hujashuka kwenye gari ameshakuambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na hela taslimu. Mwache aseme. Kisheria unachonunua pale ni muda uliobaki kwenye hati pamoja na jengo lililo juu ya kiwanja. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka Kamishna wa Ardhi apewe taarifa kila milki inapobadilisha mikono. Kwa hiyo kukabidhiana pesa na funguo hakutoshi. Kuna maombi ya kuandika, na yana mpangilio wake.

Wanaoumia kwenye ununuzi wa namna hii wengi wao hawakukosea fomu. Walilipa mapema mno. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga ili sehemu kubwa ya pesa ibaki mkononi mwako mpaka mwisho.

Kabla ya kutoa hata senti

Anza kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa wa Dar es Salaam. Muuzaji akupe nakala ya hati. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi rasmi. Ni maombi mafupi, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, na majibu yake yana uzito kuliko maneno yote ya dalali. Yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa ni nani, muda wa hati ni miaka mingapi na ulianza lini, na kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au mtu aliyeweka kaveati, yaani pingamizi dhidi ya miamala kwenye hati hiyo.

Soma tarehe kwa makini. Hati huwa za miaka 33, 66 au 99, na mitaa hii ni ya zamani; Oysterbay ilipangwa enzi za mkoloni kwa ajili ya maofisa wa Kizungu. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inakwisha 2028. Bei ya bilioni kwa miaka michache iliyobaki ni biashara ya ajabu, ila watu wanaifanya kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Ikiwa muda umeisha sana, muuzaji aombe kwanza kuhuisha hati, nawe usubiri.

Linganisha jina la kwenye upekuzi na la anayeuza. Kama mmiliki ni marehemu, mtoto wake mkubwa hana mamlaka ya kuuza, hata kama ndiye anayeishi hapo na ndugu wote wanamheshimu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake lazima liingizwe kwanza kwenye daftari la Msajili. Kama mmiliki yuko nje ya nchi na ametuma mwakilishi, hati ya uwakilishi nayo iwe imesajiliwa. Kampuni ikiuza, taka azimio la bodi na uthibitisho kutoka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wa nani ni wakurugenzi. Na ukiambiwa hati halisi imepotea, simama hapo hapo: hati mpya hutolewa na Msajili baada ya taarifa ya polisi na tangazo kwenye Gazeti la Serikali, na hilo ni la muuzaji kulimaliza kabla hamjaongea bei.

Kuna jambo moja la mitaa hii hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wake, na baadhi ziko huku. Ukikuta nyumba ya aina hiyo, omba mkataba wa mauzo ya awali uone masharti aliyopewa mnunuzi wa kwanza kuhusu kuuza tena. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba masharti yalishaisha.

Kisha nenda kwenye kiwanja na mpima ardhi aliyesajiliwa, akiwa na ramani ya upimaji. Hapa usibane matumizi. Ukuta mzuri mrefu haumaanishi kwamba mpaka uko pale. Mpima atatafuta bikoni, vile vinguzo vidogo vya zege vyenye namba, na mara nyingi huwa vimefukiwa chini ya maua au vimemezwa na msingi wa ukuta. Vikionekana nje ya ukuta, ukuta umezunguka eneo dogo kuliko la kwenye ramani, au jirani amejisogeza. Vikionekana ndani, ni wewe utakayerithi ugomvi. Upande wa bahari pima na jambo la pili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Baraza la mbao linalotazama maji, ambalo ndilo limepandisha bei, laweza kuwa ndilo lenye matatizo.

Angalia pia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Nyumba nyingi za Masaki zimegeuzwa mgahawa, ofisi au jengo la ghorofa. Kama hati inasema makazi na pale kuna baa, uliza kibali cha kubadili matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi vilivyotolewa na Manispaa ya Kinondoni. Kwa nyumba ya ndani ya ghorofa, kuna sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Kama mjenzi hajaitoa, unanunua ahadi.

Mkataba

Tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili mmoja kwa pande zote mbili ni nafuu ya siku moja.

Mkataba utaje bei, namba ya hati, nani analipa nini, na pesa zinatoka lini. Lipa sehemu wakati wa kutia saini, na salio likae kwa wakili au benki mpaka jina lako liingie kwenye hati. Kama nyumba ina rehani, salio la deni lilipwe moja kwa moja benki, nayo iachie hati na barua ya kuondoa rehani.

Ridhaa ya mwenza ni lazima iwepo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali, na haijalishi hati ina jina la nani. Muuzaji akidai hana mke au mume, aape mbele ya wakili. Kama ana wake wawili, hakikisha wote wametia saini. Kuuliza ni yupi anaishi hapo hakutoshi.

Msikubaliane kuandika bei ya chini ili kukwepa kodi. Serikali itaangalia thamani ya nyumba kwa mthamini, kwa hiyo akiba yenyewe ni ya kufikirika, ila mkataba wa bei ndogo utakufuata. Mkigombana, mahakamani bei ni ile iliyoandikwa. Na siku ukiuza wewe, gharama yako ya kununua itaonekana ndogo na kodi yako kubwa.

Fomu tatu

Kwanza mthamini aliyesajiliwa apime thamani ya nyumba na ripoti yake iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Wakati huo muuzaji amalize deni la kodi ya pango la ardhi, kwa sababu bila stakabadhi zake maombi hayasogei.

Halafu zinajazwa fomu za ardhi zenye namba 29, 30 na 35. Namba 29 ni taarifa kwa Kamishna kwamba milki inahamishwa. Namba 30 ni maombi ya kibali. Namba 35 ndiyo hati ya uhamisho yenyewe, ina picha na saini zenu wote wawili mbele ya wakili, na ndiyo itakayosajiliwa. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye hati, herufi kwa herufi. Hati inasema Mohamed na kitambulisho kinasema Muhammad? Tengenezeni kiapo cha majina mapema, maana faili litarudishwa kwa hilo tu.

Ambatanisha mkataba, ridhaa ya mwenza, ripoti ya uthamini, stakabadhi za kodi ya pango, nakala za vitambulisho, namba za mlipakodi za pande zote na hati halisi. Weka nakala ya kila karatasi kwako, na unapokabidhi hati halisi taka muhuri wa kupokelewa.

Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa si mojawapo ya nyaraka zinazohamisha hati. Ni ustaarabu kumjulisha, basi.

Mnunuzi asiye raia ana njia tofauti: sheria inamruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na kampuni ambayo hisa nyingi ni za wageni huhesabiwa kama mgeni. Kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki Mtanzania ni kumpa rafiki nyumba.

Kodi

Kamishna akishatoa kibali, faili linakwenda TRA. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Tuseme alinunua kwa milioni 400, akathibitisha kwa risiti kwamba alikarabati kwa milioni 100, na anauza bilioni 1: faida ni milioni 500, kodi milioni 50. Kuna msamaha kwa nyumba ya kuishi ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa miaka kadhaa, lakini faida isizidi milioni 15. Kwa Masaki msamaha huo ni wa kusomea tu.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, ndani ya siku 30 tangu hati ya uhamisho kutiwa saini. Kwa mfano huo wa bilioni 1, weka pembeni kama milioni 10, na juu yake ada za kibali, usajili, mthamini na wakili. Muuzaji akichelewesha kodi yake, usajili nao unakwama, kwa hiyo mkataba useme kodi hiyo itakatwa kwenye salio kabla hajakabidhiwa.

Usajili

Ukiwa na kibali, cheti cha TRA na fomu namba 35 iliyopigwa stempu, rudi kwa Msajili wa Hati. Milki inahama siku jina lako linapoandikwa kwenye daftari, hata kama umeishi ndani miezi mitatu. Ukikabidhiwa hati, isome pale pale kaunta: jina, namba ya kiwanja, tarehe, na ukurasa wa kumbukumbu za miamala. Kosa la herufi husahihishwa kwa urahisi likionekana siku hiyo.

Baada ya wiki chache omba upekuzi mwingine, safari hii kwa jina lako, ndipo salio liachiwe kama mlikubaliana hivyo. Akaunti ya kodi ya pango na ya DAWASA zibadilishwe jina. Mita ya LUKU nayo iangalie: tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa unaponunua umeme, na kama mwenye nyumba wa zamani aliacha malimbikizo, yataanza kukatwa kwenye tokeni zako za kwanza. Mwambie ayalipe kabla hujampa mkono wa mwisho.